Ahadi Tunayoweza Kuisoma

Kila Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, wanawake kumi na mmoja wa kijiji cha Neutijae walivua viatu mlangoni mwa ukumbi wa kijiji, wakaingia kujifunza kusoma. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa na miaka sitini na tisa. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wao, na nilikuwa na umri wa wajukuu zao.

Walikaa chini, kwenye sakafu yenye joto, inayopashwa moto kwa chini, mbele ya meza fupi. Wengine walitoka moja kwa moja kwenye mashamba ya vitunguu saumu, udongo ukiwa bado kwenye soksi. Bibi Bokdan hakuwahi kuja mikono mitupu. Siku moja viazi vitamu vya kuchemsha, siku nyingine kimchi, kabichi yake ya pilipili iliyochachushwa nyumbani.

"Mwalimu, kula kwanza," alizoea kusema. "Herufi hazikimbii."

"Herufi hazikimbii, mama, lakini saa inakimbia."

"Basi kula haraka."

Katika darasa lile alikuwamo Bibi Mallye, mwenye miaka sabini na saba. Alipokuwa mtoto, kaka zake walipelekwa shule. Yeye alifungwa mdogo wake mgongoni, akaambiwa abaki nyumbani. Akakua, akaolewa na Gilman, mkulima hodari aliyejua kusoma. Kwa miaka hamsini na tano Gilman alimsomea kila kitu: barua za watoto, karatasi za dawa, matangazo ya kijiji. Basi la kwenda mjini Mallye alilijua kwa uso wa dereva. Dereva akibadilishwa, Mallye alirudi nyumbani.

Na siku za uchaguzi ilikuwa hivi. Wakiwa njiani, Gilman alimwambia nambari.

"Mbili. Usisahau."

"Mbili kwenye karatasi zote?"

"Zote."

Kwenye uchaguzi wa wilaya mpiga kura hupewa karatasi saba. Mallye aligonga muhuri kwenye mstari wa pili mara saba, akatoka. Hakujua amemchagua nani, wala amemchagulia kazi gani.

Sasa alikuwa amesoma kwa mwaka mmoja na nusu. Alisoma polepole, kidole chini ya neno, midomo ikitembea. Lakini alisoma.

Mwanzoni mwa mwezi wa nne, Bokdan aliingia darasani na bahasha aliyoitoa kwenye sanduku la barua la ukumbi. Ilitoka ofisi ya wilaya. Nilinyoosha mkono niipokee.

"Wewe usisome," Bokdan akaniambia. "Wewe kusoma unajua tangu zamani. Mallye asome."

Mallye akavaa miwani. Akaanza.

"Kwa... wanafunzi... wapendwa." Akatabasamu. "Wapendwa! Ni sisi hao." Akaendelea. "Kuanzia... mwezi wa saba... madarasa ya kusoma... ya vijijini... ya-ta-si-ti-shwa. Wanaopenda... kuendelea... wafike... kituo cha elimu... mjini."

Alimaliza akiwa amejaa furaha. Ilikuwa barua ya kwanza maishani aliyoisoma mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaona uso wangu.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, mama. Hata neno moja hujakosea."

Akairudia kimya kimya. Safari hii hakutabasamu.

Kwenda mjini ni dakika arobaini kwa basi, na basi lilipita mara mbili tu kwa siku. Ukishuka, kituo cha elimu kiko juu ya kilima.

"Magoti yangu hayafiki hata kwenye basi lenyewe," akasema mmoja.

"Wanatuona tutakufa kesho," akasema Bokdan. "Wanaona herufi zitaharibika bure kaburini."

Walicheka, lakini hakuna aliyegusa viazi siku ile.

Jioni, wakila, Mallye alimweleza mumewe.

"Jina lako unaweza kuliandika," Gilman akasema. "Inatosha. Mimi nipo, nitakusomea kama siku zote."

"Na ukitangulia?"

"Nitangulie wapi?"

"Unajua wapi."

Gilman akakohoa, akaomba aongezwe supu.

Kipindi kile uchaguzi wa mwezi wa sita ulikuwa umekaribia. Wagombea wawili walitaka ukuu wa wilaya. Mmoja alikuwa Bwana Pyo, aliyekuwa tayari kwenye kiti. Mwingine alikuwa Bi Seok, mfamasia wa mjini. Bwana Pyo alifika kwanza ukumbini, akainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu.

Mallye akajikaza. "Bwana mkuu, darasa letu linafungwa. Tusaidie libaki."

"Mama zangu!" akasema Bwana Pyo, akimshika mikono yote miwili. "Msijali kabisa. Hilo niachieni mimi."

Wakampigia makofi. Siku tatu baadaye akaja Bi Seok. Mallye akasema yale yale.

"Mama zangu!" akasema Bi Seok, akimshika mikono yote miwili. "Msijali kabisa. Hilo niachieni mimi."

Alipoondoka, mwanamume aliyekuwa mlangoni akinywa kahawa alianza kucheka. Alikuwa Heo Jongdae, jirani yao. Alifanya kazi ya kugawa barua miaka thelathini na moja, na ingawa alikuwa amestaafu, kijiji kizima kilimwita Posta.

"Posta, unamcheka nani?" Mallye akauliza.

"Simcheki mtu, shemeji. Nacheka zile 'mama zangu'. Nadhani wote wawili wamefundishwa na mtu mmoja. Ngojeni nije."

Akaenda kwake. Alirudi amebeba kasha la karatasi, akalitua katikati ya sakafu. Ndani mlikuwa na vijitabu vya wagombea vya chaguzi nne zilizopita, vile vinavyotumwa kila nyumba kabla ya kupiga kura.

"Hivi nilivigawa mimi kwa miguu yangu," akasema. "Watu wanafunikia sufuria. Mimi nilivisoma na kuviweka. Shemeji, soma hapa."

Mallye akasogeza kidole. "Nita-wa-tunza wazee... kama wazazi wangu."

"Haya. Alishinda huyo. Alikutunza?"

"Hata hanijui."

"Utamdai nini? Neno 'kutunza' halina mpaka. Akikuamkia barabarani, amekutunza. Sasa soma hili la kijiji jirani."

"Daraja la... kijiji cha Saemgol... litajengwa upya... lipitishe trekta."

"Na leo trekta zinapita?"

"Zinapita."

"Kwa sababu watu wa Saemgol walikwenda na kijitabu hiki ofisini kwa mshindi. Wakamwonyesha kwa kidole: ukurasa huu, mstari huu. Atakataa vipi na picha yake iko pembeni inacheka?" Akafunga kijitabu. "Hii ndiyo ilani. Ni ahadi za mgombea kwa maandishi. Lile alilowaambia leo limebaki kwenye mikono aliyoishika. Mkinawa, limekwisha."

"Kwa hiyo tumwambie aandike," akasema Bokdan.

"Waambieni wote wawili, tena kwa barua, maneno yale yale. Hamjui nani atashinda. Na muwahi. Katikati ya mwezi wa tano vijitabu vinakwenda kuchapwa. Vikishachapwa, mmechelewa miaka minne."

"Mimi miaka minne sina ya kupoteza," akasema Mallye. "Tuseme nini humo?"

"Msiseme 'tusaidieni wazee'. Semeni mnataka nini, wapi, mara ngapi, na mko wangapi katika vijiji vyote saba vyenye madarasa. Halafu ombeni majibu ya maandishi."

Wakanigeukia mimi. Nikatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nalipwa na wilaya. Tena sikutaka mtu aje kusema kwamba mwalimu ndiye aliyewaandikia wazee wake.

"Barua ni yenu," nikawaambia. "Mimi nafundisha herufi tu."

Wiki ile maswali ya darasani yalibadilika.

"Mwalimu, 'mgombea' inaandikwaje?"

"Ya nini, mama?"

"Nimeipenda tu."

"Na 'ilani'?"

"Nayo umeipenda?"

"Sana."

Nikaandika ubaoni 'mgombea', 'ilani', 'kwa maandishi', 'mara mbili kwa wiki'. Sijawahi kuona wanafunzi wakinakili kwa bidii namna ile.

Mallye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika. Alikaa na penseli siku tatu. Meza ilijaa takataka za kifutio. Gilman alipita akaenda, akapita akarudi.

"Bibi mzima kuwaandikia wakubwa barua," akasema. "Watu watatucheka mpaka mjini."

"Wacheke. Meno ni yao, watajijua."

"Hebu nione." Akaishika karatasi mbali, akaisogeza karibu, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akakaa nayo muda mrefu. "Mwandiko wako mdogo," akasema.

Mallye akamtazama. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa kama maharage. Hapo ndipo alipojua kwamba macho ya mumewe yalikuwa yamechoka siku nyingi, na kwamba karatasi nyingine alizomsomea mwaka ule alikuwa akizikisia tu.

Akachukua karatasi nyingine, akaandika upya kwa herufi kubwa kama punje za vitunguu saumu. Gilman akaisoma neno kwa neno.

"Hapa umesahau herufi ya chini," akasema kwa sauti ndogo. Katika maandishi yetu herufi nyingine hukaa chini ya zenzake, na moja ikikosekana neno hugeuka jingine.

"Wapi?"

"Hapa. Ilivyo sasa, unaomba darasa la kunguni."

Mallye alicheka mpaka akashika ubavu. Barua ilipokamilika ilisema hivi:

"Kwa Bwana Pyo na Bi Seok. Sisi ni wanafunzi wa madarasa ya kusoma ya vijiji saba. Utotoni hatukupelekwa shule. Tumeanza kusoma uzeeni na tunapenda. Mjini ni mbali na magoti yanauma. Tunataka darasa libaki katika kila kijiji, mara mbili kwa wiki, na mwalimu wake. Andikeni jambo hili kwenye ilani yenu. Tujibuni kwa maandishi kabla ya tarehe kumi ya mwezi wa tano. Andikeni kwa herufi kubwa. Tutasoma wenyewe."

Kesho yake asubuhi Gilman aliwasha trekta yake ndogo, akatandika mito kwenye tela, akakaa kwenye usukani.

"Unakwenda wapi?" Mallye akauliza.

"Vijiji saba utakwenda kwa magoti gani? Panda."

Mallye na Posta wakapanda. Siku nne walizunguka kutafuta saini. Kila mwanafunzi aliandika jina lake mwenyewe. Wengine walichukua dakika tano kwa jina moja, na hakuna aliyewaharakisha.

Katika kijiji cha mwisho mwanamke mmoja aliirudisha kalamu.

"Wanangu hawajui kwamba sikuwa najua kusoma," akasema. "Nimewaficha miaka yote. Jina langu likionekana pale?"

Posta alitaka kumshawishi. Mallye akamzuia.

"Usisaini, mdogo wangu. Darasa likibaki, ni lako pia."

Walirudi na majina themanini na mawili. Posta akaenda nayo mjini kuzituma zile barua mbili siku moja, saa moja, kwa rejista, kila moja na risiti yake.

Bi Seok alijibu kwa barua baada ya siku tano. Alikubali. Upande wa Bwana Pyo ilipigwa simu. Kijana wa ofisi yake ya kampeni alikuwa na sauti tamu.

"Bibi, barua yenu tumeipata. Mheshimiwa amesema msijali."

"Nashukuru, mwanangu. Niandikieni."

"Lakini bibi, si nimeshakwambia kwenye simu?"

"Simu siwezi kuisoma."

Kijana akasikika akitafuta kalamu.

"Na sisi tuko themanini na wawili," Mallye akaongeza kwa upole. "Kila mmoja atataka kusoma mwenyewe."

Barua ya Bwana Pyo ya kukubali ilifika tarehe tisa, na saini yake chini.

Mwishoni mwa mwezi wa tano bahasha nene za vijitabu vya wagombea zilifika kila nyumba. Mallye na Gilman walikaa barazani, yeye akisoma, mumewe akisikiliza huku akimenya vitunguu saumu. Alianza ukurasa wa kwanza. Hakuruka kitu. Alisoma habari za barabara, za mitaro, za bei ya mazao. Gilman alimsimamisha kila mara.

"Huyo kasema mitaro gani? Rudia."

Mallye akarudia. Kwa Bi Seok alilikuta jambo lao ukurasa wa sita. Kwa Bwana Pyo lilikuwa ukurasa wa tisa, chini kabisa: "Madarasa ya kusoma yataendelea katika vijiji vyote saba, mara mbili kwa wiki."

"Maneno yangu haya," Mallye akasema. "Gilman, haya niliyaandika mimi."

Gilman aliacha kumenya, akajifuta mikono, akaomba ashike ule ukurasa.

Siku ya kura Mallye alikaa ndani ya kibanda muda mrefu hata msimamizi akakohoa. Alipotoka, Gilman alikuwa akimngoja kwenye ngazi.

"Umempa nani?"

"Kura ni siri."

"Siri kwa mumeo?"

"Hasa kwa mumeo."

Bwana Pyo akashinda.

Mwezi wa sita ukaisha, darasa likafungwa kama ile barua ya kwanza ilivyosema. Niliwaaga nikilia. Ukapita mwezi wa saba, ukapita wa nane. Ofisini hakuna aliyesema kitu. Wanawake wa Neutijae waliendelea kukutana Jumanne na Ijumaa bila mwalimu. Walisoma maandishi ya mifuko ya mbolea na ya chupa za mchuzi wa soya. Wakikwama, waliniandikia ujumbe kwa simu, nami nikawajibu.

"Ametusahau," akasema Bokdan mwezi wa tisa.

"Twendeni tukamkumbushe," akasema Mallye. "Watu wa Saemgol walikwenda."

Wakapanda basi watano. Mallye alibeba kijitabu na ile barua yenye saini. Ofisini kwa mkuu wa wilaya waliletewa chai. Mallye hakuigusa kwanza. Akavaa miwani, akafungua ukurasa wa tisa, akausoma kwa sauti. Alisoma polepole kama kawaida yake, na Bwana Pyo ikambidi asubiri kila neno. Kisha akasoma ile barua ya Bwana Pyo, mpaka jina lililo chini.

"Ni saini yako, bwana mkuu?"

Bwana Pyo aliiangalia. Masikio yakawa mekundu.

"Ni yangu."

"Hatukuja kukugombeza. Tumekuja kuuliza lini."

Akamwita ofisa wa elimu. Walinong'onezana, lakini maneno yakasikika. Hapo wanawake wakafahamu kwamba madarasa yao yalikuwa yamefutwa pamoja na mambo mengine mengi kwenye orodha ndefu, na kwamba hakuna aliyewahi kuwaza waliokaa ndani ya yale madarasa ni nani.

"Bajeti ya nyongeza inajadiliwa mwezi wa kumi," akasema Bwana Pyo. "Nitaiingiza. Darasa lifunguliwe wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, mkishapanda vitunguu."

"Andika," akasema Bokdan.

Bwana Pyo akacheka, akaandika. Ndipo wakanywa chai.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja nilivua viatu tena mlangoni mwa ule ukumbi. Hapakuwa na nafasi ya kuviweka. Wanafunzi walikuwa kumi na watano. Wanne wapya walitoka mashambani ng'ambo ya mto, na wawili kati yao walikuwa wanaume, wamekaa nyuma wakijifanya wamekuja kusindikiza. Gilman hakuwapo. Mallye alikuwa amempeleka hospitali ya macho wiki iliyopita, akimsomea vibao vya milangoni, na sasa alikuwa nyumbani, jicho limefungwa bandeji, akingoja asomewe habari za siku.

Naye Bwana Pyo alikuja siku ile. Aliinama, akasema maneno machache. Mallye akasimama kwa niaba ya darasa, daftari mkononi.

"Bwana mkuu, uliandika na umetimiza. Tunakushukuru kwa moyo wote."

Tukapiga makofi. Bwana Pyo akainama tena, akaanza kutafuta viatu vyake kwa macho. Mallye alikuwa bado amesimama. Akalowesha kidole, akafunua daftari.

"Sasa," akasema, "ukurasa wa pili. Basi la kwenda mjini."

Bwana Pyo alimtazama, akatutazama sote. Bokdan akamsogezea mto na sahani ya viazi. Mkuu wa wilaya akakaa chini, kwenye sakafu yenye joto, akatoa kalamu.